Bomba la Moshi la Lori: Upana Gani Unaofaa?

Lori likianza kuchoka mlimani, mwenyewe hapungukiwi na washauri. Mmoja humwambia ya kuwa bomba la moshi ni jembamba, injini inakosa pumzi, na dawa yake ni kung'oa bomba lote na kutia jingine la inchi nne. Mwingine, tena mara nyingi ni dereva wa siku nyingi, hukataa kabisa. Yeye husema injini hupenda kuzuiwa kidogo, na ikiachiwa wazi hupoteza nguvu na kuunguza vali. Kila mmoja anao mfano wa lori lililopona kwa shauri lake. Basi mwenye lori, ambaye viazi vyake vinangoja kando ya barabara na deni la benki linangoja mwisho wa mwezi, humwendea fundi wa kuchomelea, na fundi humwuliza neno moja tu: "Mzee, nikuwekee la inchi ngapi?"

Swali hilo lina jibu, wala jibu lake halitegemei ubishi wa barazani. Lategemea ukubwa wa injini, kasi yake, kama ina tabo au haina, na urefu wa bomba pamoja na kona zake. Mtu aliyesoma hesabu za shule aweza kulitafuta kwa kalamu na karatasi kabla hajatoa shilingi moja.

Kwanza yafaa kujua kazi ya bomba lenyewe. Injini ya lori yenye mapigo manne huvuta hewa, huikandamiza, huunguza mafuta ndani yake, kisha huutoa moshi nje. Pigo la nne ndilo linalohusu habari hii. Pistoni hupanda ikisukuma moshi kupitia vali, na moshi ukikuta njia nyembamba, hapana budi pistoni itumie nguvu zaidi kuutoa. Nguvu hiyo haitoki mahali pengine ila katika mafuta aliyoyanunua mwenye lori. Tena moshi usiotoka wote hubaki ndani ya silinda na kuchukua nafasi ya hewa safi iliyokuwa iingie. Ukinzani huo wa moshi katika bomba mafundi huuita msukumo wa kurudi, na habari yote ya upana wa bomba ni habari ya kuupunguza msukumo huo kwa gharama iliyo ya haki.

Chukua mfano wa Mitsubishi Canter yenye injini ya 4D33, lori ambalo wakulima wengi wa Kenya wamekwisha kulipakia au kulipakiza. Injini hiyo ina silinda nne, ujazo wake ni lita 4.2, nayo haina tabo. Silinda zote hujaa mara moja katika kila mizunguko miwili. Kwa hiyo injini ikizunguka mara 3,200 kwa dakika, silinda hujaa mara 1,600, na hewa ingekuwa lita 6,720. Lakini silinda hazijai kamwe mpaka juu. Ikihesabiwa kwamba hujaa sehemu 85 katika mia, hewa inayoingia ni lita 5,700 hivi kwa dakika. Hewa hiyo hiyo ikitoka na joto la digrii 500 za sentigredi hutanuka zaidi ya mara mbili na nusu. Basi yapata lita 245 za moshi zatafuta njia ya kutokea kwa kila sekunde moja, na hiyo ni zaidi ya pipa moja la mafuta lijaalo na kumwagwa kabla mtu hajamaliza kutamka jina lake.

Katika bomba lenye tundu la inchi 2, moshi huo hauna budi kukimbia mita 121 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 430 kwa saa. Katika tundu la inchi 2 na nusu kasi hushuka hata mita 77. Katika inchi 3 ni mita 54, na katika inchi 4 ni mita 30 tu. Sasa, ukinzani haupandi sawasawa na kasi. Kasi ikiwa mara mbili, ukinzani huwa mara nne. Na kwa kuwa upana ukiongezwa mara mbili eneo la tundu huwa mara nne, bomba la upana maradufu lina ukinzani ulio chini ya sehemu moja ya kumi na sita. Ndiyo sababu nusu inchi ni jambo kubwa katika bomba jembamba, na karibu si kitu katika bomba pana.

Msukumo wa kurudi waweza kupimwa kwa kimo cha maji ambayo ungeweza kuyainua. Kwa bomba la mita tatu lenye kona nne zilizopindwa vizuri, bila kuhesabu sailensa, injini ya mfano huu hutoa takriban mita moja na kitu katika tundu la inchi 2, sentimita 40 katika inchi 2 na nusu, chini ya sentimita 20 katika inchi 3, na sentimita 5 katika inchi 4. Waundaji wa injini za dizeli za lori, hasa zile za zamani, wengi wao huweka kikomo baina ya sentimita 70 na mita moja, pamoja na sailensa. Kwa hiyo inchi 2 haifai kabisa, maana bomba peke yake limekwisha kuvuka mpaka. Inchi 2 na nusu yafaa, nayo yaacha nafasi ya sailensa. Inchi 3 ni starehe. Inchi 4 ni fedha iliyotupwa.

Msomaji na aitazame kwa makini faida inayopatikana. Kutoka inchi 2 na nusu hata inchi 3, mwenye lori ameokoa kama sentimita 20 za maji. Katika injini hii, ambayo nguvu yake ni kama ya farasi mia na kidogo, akiba hiyo kwa hesabu haifiki nguvu ya farasi mmoja. Dereva hawezi kuisikia kwa mguu wake. Anachosikia ni kelele, na kelele humdanganya mtu akadhani ni nguvu. Biashara nyingi za mabomba mapana huendeshwa na sikio la mteja.

Bomba lililo jembamba kupita kiasi, kwa upande wake, halileti udhaifu peke yake. Pampu ya dizeli hupima mafuta bila kujua ya kuwa hewa imepungua. Mafuta ni yale yale, hewa ni kidogo, basi moshi huwa mweusi na joto hupanda. Joto hilo ndilo huunguza vali za moshi, hupasua manifoldi, na kuua tabo ikiwa ipo. Yule dereva wa zamani asemaye kwamba bomba pana huunguza vali amegeuza habari juu chini. Vali huungua kwa joto kupita kiasi, au kwa kutofunga sawasawa kwa sababu nafasi yake haikurekebishwa, wala haiungui kwa sababu moshi umepata njia rahisi.

Lakini hakulitunga neno lake hivi hivi. Zamani malori mengi yalikuwa ya petroli, na pikapu nyingi hata sasa ni za petroli. Katika injini hizo vali ya kuingiza na vali ya kutoa huwa wazi pamoja kwa kitambo kidogo. Moshi unaokimbia kwa kasi katika bomba la kadiri huacha mvuto nyuma yake, na mvuto huo husaidia kuitoa mabaki ya silinda na kuivuta hewa mpya. Bomba likiwa pana mno, hasa lile la karibu na injini, moshi hupoa na kutembea polepole, mvuto hupungua, na gari huwa zito likiwa katika mwendo mdogo. Watu walipoona hivyo wakasema injini imekosa kuzuiwa. Kumbe iliyokosa ni kasi ya moshi. Katika dizeli ya lori jambo hili ni dogo sana, na nyuma ya tabo halipo.

Hasara za bomba pana katika dizeli ni za namna nyingine. Ni zito, huning'inia chini na kugonga mawe, hukaribia tenki na mipira ya breki, na bei yake ni kubwa. Tena moshi ukipoa ndani yake huacha maji, na maji pamoja na asidi hula chuma kutoka ndani. Tangu mwaka 2015 dizeli inayoletwa Kenya na kwa jirani zake imepunguzwa salfa hata sehemu 50 katika milioni, hivyo asidi si kali kama zamani. Maji hata hivyo yangalipo, na lori linalofanya safari fupi za shamba hadi kituo cha maziwa, injini isipate moto kamili, sailensa yake huoza upesi kuliko ya lori la safari ndefu.

Sasa kuhusu ule uchovu wa mlimani. Lori lililotoka Mombasa, mahali pa usawa wa bahari, likifika Limuru limepanda zaidi ya mita 2,000, na huko kanieneo ya hewa imepungua karibu robo. Injini isiyo na tabo hupoteza nguvu kwa kadiri hiyo hiyo, na pampu isiyorekebishwa huzidi kutoa dizeli ya pwani. Moshi mweusi hutoka, na mwenye lori hukimbilia bomba. Lakini huko juu moshi wenyewe ni mwepesi zaidi, na ukinzani wa bomba umepungua, haukuongezeka! Bomba lililotosha Mombasa latosha zaidi Limuru. Anayetaka tiba na amwendee fundi wa pampu mwenye mashine ya kupimia, nozeli zikaguliwe, na chujio la hewa, ambalo katika barabara za vumbi huziba kabla ya siku zake, lifunguliwe na kutazamwa. Chujio jipya ni rahisi kuliko bomba jipya.

Yako malori, hata hivyo, ambayo bomba ndilo lenye kosa, na mara nyingi kosa si upana ulioandikwa bali upana uliobaki. Malori mengi ya Kijapani yana breki ya moshi, kile kibamba kinachofunga bomba dereva anaposhuka mteremko. Kibamba hicho hushika kutu, kikabaki kimefungwa nusu, na lori likapanda mlima huku limejifunga shingo lenyewe. Sailensa ya zamani huvunjika bati za ndani zikaziba tundu, ingawa kwa nje ni nzima na imepakwa rangi. Kile kipande kinachopindika baina ya injini na chasi huweza kuporomoka ndani. Na ncha ya bomba huziba kwa udongo lori likirudishwa nyuma kwenye ukingo wa shamba. Kuyatazama haya yote ni kazi ya nusu saa, injini ikiwa imepoa, nayo haihitaji kitu ila tochi, spana na nyundo ndogo ya kugongea.

Kosa jingine hutoka kwa fundi mwenyewe. Bomba la moshi huuzwa kwa upana wa nje, bali bomba la maji huitwa kwa kadiri ya tundu lake. Lile liitwalo la inchi 2 dukani kwa vifaa vya maji lina upana wa nje wa milimita 60 hivi, na bomba la moshi la inchi 2 na nusu lina tundu la karibu milimita 60. Wawili wakisema "inchi mbili" huenda wasiwe wanasema kitu kimoja, basi heri kupima tundu kwa milimita. Tena bomba la maji la mabati lina zinki, na zinki ikichomelewa hutoa mvuke unaompa fundi homa na kutetemeka usiku. Kona nazo hutazamwa. Bomba likikunjwa kwa nguvu hukwinyana upande wa ndani, na tundu la inchi 3 hubaki la inchi 2. Likikatwa na kuungwa mshazari kama fremu ya picha, moshi hugonga ukuta. Kona njema ni ya mviringo mpana, ambayo kipenyo cha tundu chaingia katika nusu kipenyo cha mviringo wake mara moja na nusu au zaidi. Kona mbili mbovu huweza kufuta faida yote ya nusu inchi iliyoongezwa.

Asiyetaka kubahatisha aweza kupima. Nati ndogo huchomelewa juu ya tundu lililotobolewa katika sehemu iliyonyoka ya bomba, mbele kidogo ya manifoldi au ya tabo. Hapo hufungwa kipande cha bomba la breki la chuma, urefu wa mita moja, ili moshi upoe, kisha mrija wa plastiki unaoonyesha, uliopindwa kama herufi U na kufungwa juu ya ubao wenye futi. Urefu wa kila upande wa U na uwe mita moja na nusu. Mrija hutiwa maji nusu, na ncha ya pili huachwa wazi. Lori likiwa limepakiwa na kupanda mlima kwa nguvu zote, mtu wa pili, si dereva, husoma tofauti ya kimo cha maji baina ya pande mbili. Kwa injini isiyo na tabo, kukanyaga mafuta hadi mwisho likiwa limesimama hutoa dokezo, lakini kipimo huwa pungufu kwa sababu joto halijafika. Kwa yenye tabo, kupima likiwa limesimama hakuna maana.

Kipimo kikipatikana hulinganishwa na kikomo kilichoandikwa katika kitabu cha injini. Kikiwa nusu ya kikomo, bomba halina hatia. Kikiwa kimevuka, vipande hufunguliwa kimoja kimoja kuanzia nyuma na kupimwa tena, hadi kipande chenye kosa kijulikane. Kazi hii imewaokoa wengi kununua bomba zima kwa sababu ya sailensa moja.

Mahali ambapo upana hauna budi kuongezwa ni pale injini inapobadilishwa. Mwenye lori akitia injini yenye tabo mahali pa ile isiyo nayo, lita zikiwa zile zile, hewa inayopita huwa mara moja na nusu au hata zaidi. Ili moshi usizidi kasi ya awali, tundu la inchi 2 na nusu lapasa kuwa la inchi 3. Kanuni iliyo rahisi ni kwamba bomba lisiwe jembamba kuliko mdomo wa tabo linapoanzia, wala sailensa isiwe na tundu dogo kuliko bomba. Malori mapya yenye chujio la masizi ni habari nyingine, kwa kuwa kompyuta yao huisoma kani ya moshi. Kulikata chujio hilo ni kuivuruga injini na kuwatilia majirani masizi ya bure.

Mwisho ni jambo la watu waliomo ndani ya lori. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilitangaza ya kuwa moshi wa dizeli huleta saratani kwa binadamu. Unaovuja chini ya kabini humwumiza dereva kichwa na kumtia usingizi kabla hajajua sababu. Kwa hiyo maungio yote yatiwe gasketi, na bomba jipya likaguliwe kwa kuziba ncha yake kwa kitambaa kinene, injini ikiwa imewashwa tu na haijapata moto, huku mwingine akisikiliza panapovuja. Ncha lazima ipite nyuma ya kabini, ielekee mbali na vibarua wanaopakia, na isikaribie mbao za sanduku wala majani makavu ya ng'ombe. Bomba la kusimama lina haja ya kifuniko cha mvua, na tundu dogo chini la kutolea maji. Sailensa haiondolewi, maana sheria ya barabara ya Kenya yaitaka, na kanuni za mwaka 2009 za kuzuia kelele zimeongeza mkazo. Na bomba lifungwe kwa vishikio vya mpira, kipande kinachopindika kikiwa baina yake na injini, kwa kuwa injini hutikisika na chasi hupinda kila lori lipitapo shimoni, na bomba lililofungwa kwa chuma kitupu hupasuka penye welding kabla ya msimu wa mavuno kwisha.